Mbegu za Karoti Hazioti? Angalia Sentimita Moja ya Juu ya Udongo

Kisa hiki wakaazi wengi wa Malindi, Watamu na Kilifi wanakifahamu. Unanunua pakiti ya mbegu za karoti, unatengeneza tuta nyuma ya nyumba, unasia na kumwagilia maji. Siku tano zinapita. Mchicha wa jirani umeshachipua, lakini karoti kimya. Wiki ya pili unakata tamaa na kuacha kumwagilia. Mwishowe lawama zinamwendea muuza mbegu.

Mara nyingine lawama hizo ni za haki. Lakini mara nyingi mbegu ilikuwa nzima, ikafia ardhini kwa kiu.

Karoti nyingi zinazouzwa katika masoko yetu husafirishwa kutoka nyanda za juu, na mnunuzi hulipia safari hiyo. Tuta dogo la nyumbani linaweza kuipunguzia familia gharama, mradi mbegu zivuke wiki mbili za kwanza.

Kwa nini karoti ni ngumu kuota Pwani

Mchicha na kunde huota kwa siku tatu hadi tano. Karoti huchukua siku 7 hadi 21. Mbegu yake ni ndogo na ina akiba kidogo ya chakula, kwa hivyo haiwezi kufukiwa chini sana. Hukaa katika sentimita moja ya juu ya udongo, na hapo ndipo jua letu hukausha kwanza.

Udongo wa mchanga ulio karibu na bahari haushiki maji. Ukimwagilia asubuhi, adhuhuri sehemu ya juu imeshakauka. Mbegu iliyoanza kuchipua ikikauka, haifufuki hata ukiimwagilia jioni.

Joto nalo ni tatizo. Karoti huota vizuri udongo ukiwa na nyuzi 18 hadi 27 hivi za selsiasi. Udongo ukizidi nyuzi 35, mbegu chache sana huota. Jaribu kukanyaga mchanga mtupu saa saba mchana bila viatu: ukikuchoma unyayo, basi mbegu nayo inaungua.

Chagua msimu

Wakati mzuri ni Juni hadi Agosti, mvua kubwa za masika zikiwa zimepungua na upepo wa kusi umeleta ubaridi kidogo. Mvua za vuli, Oktoba na Novemba, pia hufaa ukiongeza kivuli. Epuka Januari hadi Machi, wakati wa jua kali la kaskazi.

Pima mbegu kwanza

Mbegu za karoti hupoteza nguvu haraka, hasa zikihifadhiwa mahali penye joto na unyevu kama kwetu. Soma tarehe ya mwisho kwenye pakiti. Ikiwa ina kibandiko cha KEPHIS, kwangua na utume nambari iliyofichwa kwa ujumbe mfupi kwenda 1393 ili kujua kama mbegu ni halali.

Kisha hesabu mbegu 20, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, utie ndani ya mfuko wa plastiki na uweke kivulini, mathalani kando ya mtungi wa maji. Baada ya wiki mbili, zikiota chini ya 10, nunua nyingine. Ukiwa dukani, ulizia aina inayostahimili joto, kama vile Kuroda.

Hatua za kusia

1. Lima hadi kina cha sentimita 30 na uondoe mawe na mizizi. Tumia samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi hufanya karoti ziote matawi.

2. Chora mistari yenye kina cha sentimita moja, ikiachana kwa sentimita 20 hadi 30. Mwagilia mistari hiyo kabla ya kusia.

3. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, kisha uzinyunyize kwenye mistari.

4. Funika kwa mchanga laini au samadi iliyochekechwa. Kwa walio bara, kama Ganze na Kaloleni, penye udongo mzito, hatua hii huzuia ukoko mgumu ambao miche haiwezi kuupasua.

5. Tandaza gunia lililoloweshwa juu ya tuta na uweke mawe pembeni. Gunia hulinda mbegu dhidi ya jua, na pia dhidi ya mvua ya ghafla inayoweza kuzisomba.

6. Nyunyizia maji kidogo kidogo juu ya gunia, asubuhi na jioni, kila siku bila kuruka. Usimwage kwa ndoo.

7. Kuanzia siku ya sita, inua gunia kila siku uchungulie. Ukiona miche ya kwanza, liondoe jioni hiyo hiyo. Likichelewa, miche hurefuka, hupauka na kuvunjika.

8. Weka kivuli cha makuti juu ya vijiti, kimo cha goti, kwa wiki moja au mbili. Endelea kumwagilia.

Miche ikifika kimo cha sentimita tano, ing'oe iliyosongamana na kuacha nafasi ya sentimita tano kati ya mche na mche. Usiihamishie kwingine, mzizi ukikatika au kupinda, karoti huharibika umbo. Mavuno huwa tayari baada ya miezi mitatu hivi.

Tahadhari kuhusu maji ya kisima

Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi, na karoti ni miongoni mwa mboga zisizovumilia chumvi. Ukionja maji na kuhisi chumvi, usiyatumie kwenye tuta hili. Tumia maji ya mvua uliyoyakinga au ya mfereji, angalau hadi miche ishike.

Anza na tuta la mita moja kwa mbili. Maji yake ni rahisi kumudu. Ukifuata hatua hizi na mbegu zikakataa kuota, fika kwa afisa wa kilimo wa wadi yako ukiwa na pakiti ya mbegu na udongo kidogo kutoka kwenye tuta, ili akusaidie kujua kasoro iko wapi kabla hujanunua pakiti nyingine.