Testa Ikinyamaza, Usiamini Upesi

Jumamosi moja hapa Bugarama nilipanda juu ya kigoda cha mbao, kandambili miguuni, ili nibadilishe holda ya taa ya sebuleni. Nikagusa waya kwa testa, ile bisibisi yenye kitaa mpinini. Sikuona kitaa kikiwaka, nikaushika waya. Mkono wa pili ulipogusa nondo za dirisha, umeme ulinirusha hadi sakafuni. Nashukuru kwamba nilipoteza jino tu.

Je, testa ilikuwa mbovu? La hasha. Ndani ya mpini mna kitaa cha gesi ya neoni na kizuizi kinachopunguza umeme. Umeme wa nyumbani, wa volti 220 hivi, hupita humo ukiwa mdogo mno, kisha mwilini mwa mshikaji hadi ardhini. Ndipo kitaa huwaka. Aliyesimama juu ya mbao kavu, amevaa mpira, ameibana njia hiyo. Kitaa huwaka hafifu, na jua la dirishani hukificha. Tena mpini uliopasuka au kulowa ni hatari kwa mshikaji.

Kalamu za kisasa zinazolia bila kugusa waya nazo hukosea. Betri ikichoka hunyamaza. Na waya usio na umeme, ukilala karibu na wenye umeme, huweza kuzifanya zilie.

Askari hatosheki kuambiwa kuwa bunduki haina risasi, huifungua akatazama. Nasi tufanye vivyo hivyo. Kwanza, jaribu chombo kwenye soketi unayojua ina umeme. Pili, zima swichi ya njia unayotengeneza, ukawaonye wote nyumbani wasiiwashe. Tatu, pima kila waya. Nne, rudi kwenye soketi ile ya kwanza, ambayo iwe ya njia nyingine; chombo kisipowaka hapo, kipimo chako chote ni bure.

Umeme wa Regideso ukikatika, usidhani ndiyo nafasi ya kutengeneza. Testa itanyamaza, lakini umeme waweza kurudi ungali umeshika waya. Swichi kuu izimwe kwanza.

Na baba akiwa zamu, mama asione haya kumngoja fundi. Kukaa gizani usiku mmoja si msiba.