Kwa nini bodi ya lori la Nyumbu haikuhitaji mbwembwe

Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978, magari ya jeshi hayakutosha. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kubeba askari na mizigo. Yakiharibika, spea zilitoka nje, na fedha za kigeni zilikuwa chache.

Mwaka 1985 serikali ikaanzisha kituo cha teknolojia ya magari Kibaha, chini ya jeshi. Huko ndiko lilikotengenezwa lori la Nyumbu.

Gari la majaribio linajengwaje? Kwanza chasisi, maana ndiyo inayobeba uzito. Kisha bodi: bati linakatwa, linakunjwa, linachomelewa kwa mkono. Ndiyo maana bodi ya namna hii huwa bapa, yenye kona kali. Bati la mviringo linataka mashine kubwa za kugandamiza, na hizo zinalipa tu ukitengeneza magari mengi. Uingereza nayo ilirahisisha hivyo hivyo mabasi yake wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Ukiwa Kahama au Geita, unabeba mawe ya dhahabu kwenye njia mbovu, faida unaiona haraka: bati bapa likibonyea, fundi wa jirani analibadilisha na gari linarudi kazini.