Gari la Kukodi, Hema na Mtungi wa Gesi: Mambo ya Kuhakiki Kabla ya Safari ya Familia

Familia nyingi za mijini siku hizi hutumia mapumziko ya mwisho wa juma kusafiri kwenye njia za vumbi na kulala hemani. Wapo wanaopanda Milima ya Usambara kutoka Mombo hadi Lushoto, mwendo wa takriban kilomita 33 za lami yenye kona nyingi, kisha wakaiacha lami na kufuata barabara za udongo zinazopita kati ya mashamba ya mboga na misitu ya hifadhi. Safari ya namna hii haidai fedha nyingi, lakini ndani yake mna makubaliano mengi kuliko yanavyoonekana: ya gari, ya bima, ya mahali pa kulala, na hata ya mtungi wa gesi. Katika mengi ya makubaliano hayo mlaji hulipa kwanza na kuiona kasoro baadaye, pengine akiwa mahali ambapo simu haina mtandao na fundi yuko mbali. Makala hii inaeleza mambo ambayo mlaji anaweza kuyahakiki mapema, akiwa bado nyumbani na fedha zake zikiwa bado mkononi.

Rangi ya kibao cha namba

Jambo la kwanza la kutazama ni kibao cha namba. Hapa Tanzania, gari la matumizi binafsi hubeba kibao cha manjano, na gari la biashara hubeba kibao cheupe. Tofauti hiyo si ya urembo. Bima ya gari hukatwa kwa kuzingatia matumizi yake, na bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi kwa kawaida haihusu gari linapokodishwa kwa malipo.

Tuchukue mfano wa mzazi anayekodi gari la jirani yake kwa bei nafuu. Gari ni zima, jirani ni mtu mwema, na stika ya bima ni hai. Wakiwa njiani gari linateleza na kugonga ukuta wa nyumba ya mtu. Kampuni ya bima inapobaini kwamba gari la binafsi lilikuwa limekodishwa, inaweza kulikataa dai. Hapo mwenye nyumba atadai ukuta wake, jirani atadai gari lake, na yule mzazi aliyedhani ameokoa fedha atajikuta kati ya madai mawili bila kinga yoyote.

Kwa hiyo mlaji aulize maswali mawili. La kwanza: je, bima hii imekatwa kwa gari la kukodisha? La pili: je, ni bima ya mtu wa tatu au ni bima kubwa? Bima ya mtu wa tatu, ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, hulipa madhara yanayowapata watu wengine. Hailipi uharibifu wa gari lenyewe. Bima kubwa hulipa na gari lenyewe pia, lakini mara nyingi mwenye dai hubeba sehemu ya kwanza ya hasara, na kiasi hicho kimeandikwa ndani ya hati. Mlaji asiridhike na kuonyeshwa stika kwa mbali. Uhalali wa bima unaweza kuhakikiwa kwa namba ya gari katika mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), nayo ni kazi ya dakika chache kwa mwenye simu.

Umbo la gari na uwezo wake

Gari kuwa refu kutoka ardhini na kuwa na tairi la akiba mlangoni hakumaanishi kwamba injini yake inayasukuma magurudumu yote manne. Zipo aina za magari zinazotengenezwa kwa mifumo yote miwili, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kwenye udongo mwekundu wa milimani ulionyeshewa mvua, gari linalosukumwa na magurudumu mawili hupoteza mshiko mapema, hasa kwenye mteremko.

Tangazo linalosema kwamba gari lina nguvu kwenye magurudumu manne ilhali halina, au ambalo mfumo wake umekufa, ni tangazo la kupotosha. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara. Hata hivyo, ni rahisi zaidi kuikwepa hasara kuliko kuidai. Mwombe mwenye gari auwashe mfumo huo mbele yako na aliendeshe gari mita chache. Akisita au akisema kwamba hauna haja, tafuta gari jingine.

Baada ya hapo kagua matairi. Ubavuni mwa tairi mna alama ya kiwandani inayoishia kwa tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki ya kutengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado mpira wake ukawa umezeeka na kupasuka nyufa. Usisahau kulikagua tairi la akiba, kwa maana ndilo linalosahauliwa na wengi, na hakikisha kwamba jeki na spana ya magurudumu zimo na zinalingana na gari hilo. Kifaa cha kuzimia moto, vibao viwili vya tahadhari na sanduku la huduma ya kwanza navyo viwepo kabla hujatia saini.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Makubaliano ya mdomo ni makubaliano, lakini ni magumu kuyathibitisha. Dai mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoielewa, na usome hasa vipengele vitatu vinavyozaa malalamiko.

Cha kwanza ni hesabu ya siku. Anayechukua gari Ijumaa saa 10 jioni na kulirudisha Jumapili saa 12 jioni amekaa nalo saa 50. Kwa hesabu ya saa 24, hizo ni siku mbili na saa mbili; kwa hesabu ya kalenda, ni siku tatu. Mkataba useme ni hesabu ipi, na saa za ziada zinatozwa vipi.

Cha pili ni kikomo cha kilomita. Tuseme mkataba unaruhusu kilomita 150 kwa siku kwa siku mbili, na kila kilomita ya ziada ni shilingi 1,000. Familia ikisafiri kilomita 420, itakuwa imezidisha kilomita 120, na itadaiwa shilingi 120,000 juu ya bei iliyotangazwa. Pima njia yako kwanza, kwenda na kurudi pamoja na mizunguko ya kambini, ndipo ulinganishe bei za wakodishaji.

Cha tatu ni dhamana. Uliza itarudishwa lini, kwa njia gani, na ni makosa gani yanaruhusu kukatwa. Kabla ya kuondoka, lizunguke gari pamoja na mwenyewe na mpige picha za kila mchubuko, kioo, kiwango cha mafuta na kilomita zilizosomeka. Rudieni kazi hiyohiyo siku ya kulirudisha. Picha hizo ndizo zitakazosema ukweli iwapo mchubuko wa zamani utageuzwa kuwa wa kwako.

Mkataba pia utaje majina ya watakaoendesha. Shemeji mwenye leseni hai na uzoefu wa miaka mingi bado si dereva wa gari hilo endapo jina lake halimo, na ajali ikitokea akiwa kwenye usukani, bima inaweza kuleta ubishi. Ikiwa gari linakuja na dereva wake, iandikwe nani analipa chakula na malazi yake, na dereva huyo apewe muda wa kupumzika.

Maji, matope na nani anayelipa

Mikataba mingi ya ukodishaji huondoa katika kinga ya bima matairi, vioo, sehemu za chini ya gari na uharibifu unaotokana na maji. Hizo ndizo sehemu zinazoumia kwenye njia za mashambani. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba mlaji aulize waziwazi: je, ninaruhusiwa kwenda na gari hili kwenye barabara isiyo ya lami? Jibu likiwa ndiyo, liandikwe. Jibu likiwa hapana, usilichukue kwa matumaini kwamba vumbi litaoshwa kabla ya Jumatatu.

Kuhusu maji, ni vyema kuelewa kinachotokea. Injini hufanya kazi kwa kuvuta hewa na kuibana. Maji hayabaniki. Yakiingia kupitia njia ya hewa wakati injini inazunguka, pistoni hugota, na vyuma vinavyoishikilia hupinda au kuvunjika. Injini nzima inaweza kuharibika katika sekunde moja, na gharama yake ikazidi bei ya safari mara nyingi. Lakini gari si hasara kubwa kuliko zote. Maji yanayotiririka yenye kina cha sentimita 60 yanaweza kuyabeba magari mengi, hata makubwa. Katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, kivuko kilichokuwa kikavu asubuhi kinaweza kujaa jioni kwa mvua iliyonyesha mbali milimani. Njia ikifungwa na maji, geuza gari. Siku moja ya ziada ya kukodi ni nafuu kuliko jaribio moja la kuvuka.

Mahali pa kupiga hema

Eneo lililo wazi si eneo lisilo na mwenyewe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji. Kabla ya kushusha mizigo, pita ofisi ya kijiji ujitambulishe kwa mtendaji au mwenyekiti, uombe ruhusa, na ukilipa ada yoyote udai stakabadhi. Adabu hiyo huzuia pia ugomvi wa usiku wa manane na mtu anayedai kuwa ndiye mwenye eneo.

Ndani ya hifadhi za taifa, kuendesha gari nje ya barabara zilizowekwa hairuhusiwi, na ada hulipwa kwa mfumo wa malipo ya serikali kwa namba maalumu ya malipo, si mkononi mwa mtu. Raia hutozwa ada ya chini kuliko wageni kutoka nje ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo kila mtu mzima abebe kitambulisho chake. Kwa kambi za watu binafsi, uliza kabla ya kutuma fedha za nafasi: je, maji na choo vimo katika bei? Je, bei ni kwa hema au kwa kichwa? Mvua ikiharibu barabara, fedha zinarudishwa?

Gesi, mkaa na usiku wa baridi

Mnunuzi wa gesi ya kupikia ana haki ya kupimiwa mtungi kwa mizani dukani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Ikiwa mtungi wa gesi ya kilo 6 umeandikwa kilo 7.5 ukiwa mtupu, ukijaa unapaswa kusoma kilo 13.5. Pungufu hiyo ni fedha yako. Kagua pia kwamba lakiri haijaguswa, na ukiunganisha jiko upime uvujaji kwa povu la sabuni, kamwe si kwa njiti ya kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, mahali palepale watoto wanapolala.

Tahadhari kubwa kuliko zote tumeiweka hapa. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti huko huwa wa baridi kali kwa familia iliyozoea joto la pwani. Kishawishi cha kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema ili watoto wapate joto ni kikubwa. Usifanye hivyo, hata kama moshi umekwisha na makaa yamebaki mekundu tu. Makaa hayo hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamki kwa kuikohoa; huzidi kusinzia. Kuacha mlango wa hema wazi kidogo hakutoshi, na jiko la gesi nalo lisiwashwe humo. Fedha unayoweza kuitumia kwa mkaa, nunua blanketi la ziada.

Mambo yakiharibika

Gari likiharibika njiani, mpigie mwenye gari kabla ya kumwita fundi, na makubaliano yenu yarudieni kwa ujumbe wa maandishi. Ukilipia matengenezo kwa idhini yake, chukua risiti na ukitunze kifaa kilichobadilishwa. Ajali ikitokea, toa taarifa polisi na uiarifu kampuni ya bima mapema, kwa kuwa kuchelewa kunaweza kuwa sababu ya dai kukataliwa.

Ukirudi ukiwa na lalamiko, anza kwa kumwandikia mfanyabiashara, ukitaja tarehe, kiasi ulicholipa na unachotaka kifanyike, na umpe muda wa kujibu. Asipojibu, au jibu lisiporidhisha, leta lalamiko lako katika ofisi zetu pamoja na nakala ya mkataba, risiti, picha na ujumbe mliotumiana. Mgogoro wa fidia ya bima unaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na suala la mafuta au gesi kwa EWURA. Hatudai kwamba mlaji awe mwanasheria. Tunachoomba ni kwamba asiitupe karatasi yoyote ya safari mpaka dhamana yake irudishwe.