Mtoto Asiyetulia: Ni Mtukutu au Ni Mgonjwa?

Huko Mhezi, katika milima ya Upare ya Kusini, mtoto huzoeshwa kazi tangu udogoni: kuteka maji, kukata majani ya ng'ombe, kwenda kufungua maji ya ndiva zamu ya nyumba yao ifikapo. Basi na tumfikirie mtoto wa miaka 9, ambaye mfano wake haukosekani katika kijiji chochote. Hutumwa ndivani, akaonekana baada ya saa mbili akifukuza panzi, na zamu imekwisha pita. Madrasani wenziwe wamefika Suratul Mulk, naye angali katika Juzuu Amma. Si kwamba hana akili, kwani aya akiishika huisoma vizuri. Ila jicho lake huenda dirishani kabla mwalimu hajamaliza kutamka. Shuleni ni vivyo hivyo. Baba husema ni mtukutu, bibi husema ana shetani, na mwalimu hasemi neno, hutwaa bakora.

Matabibu wa leo wana jina kwa hali hii. Huliandika kwa herufi nne, ADHD, na maana yake ni upungufu wa uwezo wa kutuliza fikira pamoja na mhangaiko wa mwili uliozidi kiasi. Wako wengi ambao wakiambiwa hivyo hucheka. Husema ugonjwa huo umezuliwa na Wazungu wapate kuuza vidonge, wala zamani haukuwako. Kicheko hicho yatupasa kukipima, kwa kuwa kinachopimwa pamoja nacho ni mgongo wa mtoto.

Kwanza, jambo lenyewe si la jana. Mwaka 1902 tabibu George Still aliwahutubia matabibu wenziwe mjini London juu ya watoto wenye akili timamu ambao hawakuweza kujizuia wala kudumu katika jambo, na adhabu haikuwafaa kitu. Mwaka 1937, huko Marekani, Charles Bradley aliwapa watoto 30 dawa ya kuchangamsha mwili, na ajabu yake ni kwamba takriban nusu yao walitengenea sana katika masomo. Tena mapacha waliotokana na yai moja hupatwa wote wawili mara nyingi zaidi kuliko mapacha wa mayai mawili, na hilo malezi peke yake hayawezi kulieleza. Uchunguzi uliokusanya habari za nchi nyingi, uliotolewa mwaka 2007, ulikadiria watoto 5 hivi katika kila 100.

Hata hivyo, wenye shaka hawakukosa hoja. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa iwezayo kuuthibitisha ugonjwa huu. Daktari hutegemea kuuliza na kutazama. Na huko Kanada uchunguzi wa mwaka 2012 ulifichua jambo la aibu: watoto waliozaliwa Desemba, ambao ndio wadogo kuliko wote darasani, walihesabiwa wagonjwa zaidi kuliko wenzao wa Januari. Utoto wao ulidhaniwa maradhi! Lakini kosa la mpimaji si dalili kwamba kinachopimwa hakipo. Kipandauso nacho hakionekani katika damu, na aliyepata kuumwa nacho hana haja ya kuthibitishiwa.

Karibu na kwetu uko ushahidi wa namna nyingine. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani walifuatwa kwa miaka 2, na habari zao zikatolewa mwaka 2008: mtoto 1 kati ya 4 alibaki na upungufu wa akili, na kilichoguswa zaidi ni uwezo huo huo wa kutuliza fikira. Hatusemi kwamba malaria ndiyo ADHD. Twasema kwamba utulivu wa fikira una mahali pake katika ubongo, na mahali hapo huweza kudhurika bila mtoto kuwa na hatia. Kwa hiyo mzazi wa Mhezi aliyeshuka na mwanawe Ndungu kwenye mashamba ya mpunga, mtoto akapatwa na homa hiyo, asiache kumweleza daktari.

Na kabla ya kuinua bakora tumkumbuke Anas bin Malik, r.a. Ameipokea Imam Muslim habari yake, kwamba alipokuwa mtoto Mtume s.a.w. alimtuma kazi, naye akapita kwa watoto waliokuwa wakicheza sokoni. Mara akahisi ameshikwa kisogo kwa nyuma. Alipogeuka alimwona Mtume anacheka, akimwuliza kama amekwenda alikotumwa. Hatudai kuwa Anas alikuwa mgonjwa, hasha. Twatazama mkono ule ulioshika kisogo.

Dalili za ugonjwa huanza kabla ya miaka 12, hudumu si chini ya miezi 6, huonekana nyumbani na shuleni pia, na humzuia mtoto katika maisha yake. Achunguzwe kwanza masikio, macho na usingizi, na kama hana kifafa cha kuduwaa. Dua na kisomo havizuiliki, wala havimzuii mzazi kwenda hospitali ya wilaya, Same, na akielekezwa, KCMC huko Moshi. Huku nyuma mwalimu wa madrasa aweza kuanza kesho: amkalishe mbele mbali na dirisha, ampe aya moja badala ya tano, na baina ya aya na aya amtume kujaza birika la udhu.