Nyenje analia mtini, lakini nani anakata miche yako?

Kuanzia mwezi wa kumi, joto linapopanda na mvua bado inasitasita, sisi wa Dzaleka tunaishi na kelele za nyenje. Saa sita mchana, jua likiwa kali, ukisimama chini ya mwembe mmoja tu husikii hata simu yako. Ndiyo majira hayohayo ambapo watu wengi wanaanza miche karibu na nyumba: lengalenga, kabichi, nyanya, biringanya, ili mvua ikikolea wasinunue kila jani sokoni. Basi mtu akiamka akakuta miche imekatwa, jibu liko tayari mdomoni: nyenje wamekula.

Hata mimi nilisema hivyo. Nilikuwa nimepanda miche 30 ya kabichi. Usiku wa kwanza ikaondoka 6, usiku wa pili 5. Nikaanza kuulizia dawa ya kupulizia ule mwembe wa mpakani. Jirani yangu, mama Mmalawi ambaye shamba lake limepakana na nyumba yetu, ndiye aliyenizuia. "Achimwene, huyo wa juu hana meno," aliniambia. Akainama, akanionyesha rundo dogo la udongo laini, hatua tatu kutoka kwenye tuta langu. Chini ya rundo kulikuwa na tundu, na mdomoni mwa tundu kipande cha jani la kabichi.

Nyenje (Wachewa nao humwita nyenje, jina ni hilohilo) mdomo wake ni kama sindano. Anachoma kijiti cha mti na kunyonya maji yake. Hawezi kutafuna jani wala kukata shina. Anayelia ni dume, akitumia viwambo viwili vilivyo ubavuni mwa tumbo lake, na analia ili kuita jike. Jike hupasua ngozi ya kijiti na kuweka mayai humo. Watoto wakitoka wanadondoka chini, wanachimba, na wanaishi ardhini wakinyonya mizizi kwa muda mrefu, aghalabu zaidi ya mwaka. Siku yao ikifika wanapanda mtini, wanavua ganda na kuruka. Yale maganda makavu ya rangi ya kahawia unayoyakuta yameng'ang'ania kwenye gome ndiyo hayo. Watoto wetu huyabandika kwenye nguo kama vifungo.

Kwa hiyo hasara ya nyenje ni ndogo, na iko kwenye miti, si kwenye mboga. Mti mkubwa hausumbuki. Kama umepanda mche mdogo wa mwembe, mparachichi au mlimau, unaweza kuona ncha za vijiti zimekauka na kuvunjika pale alipopasua. Kata ncha hizo, zichome moto, na mwagilia mche. Ukitaka kuukinga, ufunike kwa pazia jepesi la zamani wakati kelele zimekolea, kisha ulifunge chini. Chandarua cha kulalia kibaki kitandani; malaria inaua, nyenje hauui.

Sasa turudi kwa wakataji wa kweli. Nenda bustanini asubuhi mapema kabla hujamwagilia, usikimbilie kupanda upya, tazama kwanza mche umeondokaje.

Kama mche haupo kabisa, umebebwa, tafuta tundu. Huyo ni yule nyenje-ardhi mkubwa ambaye wenyeji wanamwita nkhululu. Ni mnene, wa kahawia, urefu wake unafika sentimita 5, na kichwa chake ni kipana. Mchana analala ndani ya tundu na mlango ameuziba kwa udongo. Usiku anatoka, anakata mche mzima na kuuburuta ndani akaule huko. Jioni dume hulia mlangoni pake kwa sauti kali inayopasua masikio, na nadhani ndicho kinachotuchanganya: tunasikia kelele mchana juu na usiku chini, tunadhani ni mdudu mmoja.

Kama mche umelala hapohapo, umekatwa usawa wa udongo na majani bado yapo, usitafute tundu. Chokoa udongo kwa kidole kuzunguka shina, sentimita 2 hadi 5 kwenda chini. Utamkuta sota, kiwavi wa kijivu anayejikunja mara tu unapomgusa. Mmoja anaweza kukata miche kadhaa kwa usiku mmoja, kwa hiyo ukimpata na kumuua umeokoa mstari mzima.

Wale wanaolima dimba, kule bondeni kwenye unyevu, wana wa tatu: chenene, mwenye miguu ya mbele kama koleo. Huyu anaacha njia zilizoinuka juu ya udongo kama mishipa, na mche unanyauka kwa sababu mizizi imekatwa chini.

Dawa iliyonisaidia kuliko zote haina gharama. Chukua chupa ya maji ya plastiki au kopo la maziwa ya unga, kata juu na chini ubaki na bomba. Livishe kila mche, sentimita 3 ziingie ardhini na 5 au zaidi zibaki juu. Sota hapandi ukuta huo, na nkhululu anapata shida kuufikia mche. Lakini kabla hujalivisha, hakikisha hujamfungia sota humo ndani pamoja na chakula chake. Mche ukinenepa, shina likifika unene wa penseli, ondoa bomba utumie msimu ujao.

Jambo la pili ni kutokuwa na haraka. Wengi tunahamisha mche ukiwa na majani mawili kwa sababu nafasi ya kitalu ni finyu. Ukuze kwanza ndani ya kopo au gunia, uwe na nguvu. Na tuta lenyewe lipaliliwe wiki mbili kabla ya kupanda, kwa sababu nondo, mama yake sota, hutaga kwenye magugu. Pindua udongo, waachie kuku waparue siku mbili tatu. Kama huna kuku, jirani anao; hatakataa wakale bure kwako.

Majivu yanasaidia yakiwa makavu tu. Mvua moja, yamekwisha. Usiyarundike kila siku mahali pamoja, udongo utaharibika.

Tundu la nkhululu chimbua kwa jembe, au mimina maji yenye sabuni ukasubiri atoke. Usiingize mkono, wala mtoto asiingize: nge na nyoka nao hupenda mashimo. Na tafadhali, kama tundu liko kwenye shamba la mwenyeji, omba ruhusa kwanza. Kila mwaka watoto wetu wanachimba matuta ya watu kutafuta wadudu, halafu ugomvi unafika kwa wazee. Neno moja la heshima kwa mwenye shamba linatosha, na mashimo yafukiwe.

Sasa kuhusu sumu. Kuna chupa ndogo zinauzwa bila karatasi ya maelezo, muuzaji anakuambia tu "changanya kifuniko kimoja." Usinunue. Hujui ni dawa gani, hujui usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma mboga, na nyingine zilitengenezwa kwa ajili ya tumbaku au pamba, si kwa jani utakalopika kesho. Ukipulizia mwembe kwa ajili ya nyenje, sumu inadondoka kwenye lengalenga yako na kwenye maji ya jirani. Nyenje wengine wanaruka wanaondoka, na watoto wanaokota wale waliolewa chini, wanawakaanga.

Hapa pana hatari ambayo mgeni anaweza asiifikirie. Kwa Wamalawi nyenje ni kitoweo. Wanawanasa kwa ulimbo uliopakwa kwenye ncha ya tete ndefu, wanawang'oa mabawa na kuwakaanga kwa chumvi. Nkhululu vilevile. Wengi wetu tumejifunza kuwala, na mgao ukipungua si jambo dogo kupata kitoweo bila kununua. Lakini usile mdudu uliyemkuta amekufa au amelegea, wala aliyetoka kwenye shamba lililopuliziwa. Anayevimba au kuwashwa akila kamba wa baharini naye awe mwangalifu, mwili unaweza kukataa wadudu hawa pia.

Mtu akianza kutoka mate mengi, jasho, kutapika, kutetemeka au kupumua kwa shida baada ya kushika dawa au kula, mpeleke kituo cha afya mara moja na ubebe ile chupa. Usikae nyumbani ukimnywesha maziwa.

Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani nao wamekutana na nyenje. Mwaka 2024 wengi mlipokea video za miti iliyofunikwa na nyenje wenye macho mekundu. Wale hukaa ardhini miaka 13 au 17 kisha wanatoka pamoja; mwaka ule makundi mawili makubwa yalitoka kwa mpigo, na mara ya mwisho mawili hayo kutoka pamoja ilikuwa mwaka 1803. Huko pia wakulima wanashauriwa wafunike miti michanga kwa wavu wenye matundu yasiyofika sentimita moja, na wasipulizie dawa.

Mimi ile miche 19 iliyobaki niliivisha chupa na makopo siku ileile. Ndani ya wiki tulichimbua nkhululu wanne, jirani akaondoka nao kwenye bakuli. Baadaye ulikatwa mche mmoja tu. Huo chupa zilikuwa zimeniishia.