Utamaduni kwa Ratiba: Biashara ya Safari za Makundi Nchini Cuba

Katika utalii wa Cuba kuna bidhaa moja ambayo haikubuniwa na mwenye hoteli wala wakala wa safari. Ilibuniwa na wanasheria wa Wizara ya Fedha ya Marekani. Raia wa Marekani haruhusiwi kwenda Cuba kustarehe tu. Chini ya vikwazo ambavyo Rais Kennedy alivikamilisha Februari 1962, ni lazima safari yake iangukie katika moja ya makundi 12 ya sababu zinazokubalika. Mojawapo ni safari ya kielimu ya kukutana na wananchi, na hiyo ndiyo iliyozaa makundi ya wageni wanaopanda basi la Yutong asubuhi jijini Havana wakiwa na ratiba isiyo na nafasi hadi usiku.

Ratiba hiyo si suala la hiari. Kanuni inataka shughuli za kukutana na wenyeji zijaze siku nzima, kila siku, na mwakilishi wa kampuni iliyoandaa safari awe pamoja na kundi. Siku ya kulala ufukweni haihesabiki. Kwa hiyo asubuhi wageni huingia katika karakana ya uchapaji wa picha karibu na Kanisa Kuu la Havana, mchana wakala kwenye mkahawa wa familia, alasiri wakatazama mazoezi ya ngoma, na usiku wakaishia Fábrica de Arte Cubano, kiwanda cha zamani cha mafuta ya kupikia kilichogeuzwa ukumbi wa sanaa mwaka 2014. Stakabadhi za yote hayo zilitakiwa kutunzwa kwa miaka mitano. Tangu Machi 2025 ni miaka kumi.

Biashara inayotegemea kibali hufa na kufufuka kwa kalamu. Serikali ya Clinton iliruhusu safari hizi mwaka 1999, ya Bush ikazifuta miaka minne baadaye, ya Obama ikazirudisha 2011, kisha mwaka 2016 ikamruhusu hata mtu mmoja mmoja kwenda bila kundi. Ya Trump ikaondoa ruhusa ya mtu mmoja mmoja mwaka 2017, na Juni 2019 ikayafuta makundi yenyewe pamoja na meli za kitalii. Ya Biden ikayarejesha makundi mwaka 2022. Kila mara kalamu ilipogeuka, kuna aliyekuwa amekwisha kukopa kwa ndugu ili aongeze vyumba viwili vya wageni.

Hata hivyo, kanuni hizo zimeleta jambo ambalo huenda waliozitunga hawakulitarajia. Marekani imeorodhesha hoteli ambazo raia wake hawaruhusiwi kulala, zikiwemo za Gaviota, kampuni ya utalii iliyo chini ya jeshi la Cuba. Matokeo yake, makundi mengi hulala katika nyumba za watu, zile zinazoitwa casa particular, ambazo sheria ya Cuba inazitambua tangu 1997. Chakula nacho ni cha paladar, mikahawa ya familia iliyohalalishwa katika miaka ya njaa iliyofuata kuanguka kwa Muungano wa Sovieti. Mwanzoni mkahawa haukuruhusiwa kuzidi viti 12. Kufikia 2011 ruhusa ilikuwa viti 50. Mgeni wa hoteli kubwa ya ufukweni huacha fedha zake nyingi kwa serikali na kwa mwekezaji wa Hispania. Mgeni wa kundi la utamaduni humlipa mama mwenye nyumba, mpishi wake, muuza mboga wake na fundi wake wa bomba.

Si fedha zote, bila shaka. Mabasi kwa kawaida ni ya Transtur, kampuni ya serikali, na waongoza watalii hutoka katika mashirika ya serikali kama Havanatur, au Paradiso iliyo upande wa sekta ya utamaduni. Lakini mapato halisi ya mwongoza watalii hayamo kwenye mshahara. Mwaka 2023 mshahara wa wastani wa serikali ulikuwa chini ya peso 5,000 kwa mwezi. Kiwango rasmi cha kubadilishia dola kwa wananchi kilikuwa peso 120, ilhali mtaani, kufikia mwaka uliofuata, dola moja ilikuwa imevuka peso 300. Bakshishi ya dola 20 kutoka kwa mgeni mmoja, ikibadilishwa mtaani wakati huo, ilikuwa peso 6,000. Hesabu hiyo inaeleza kwa nini mwalimu wa historia aliyesomeshwa chuo kikuu kwa gharama ya taifa anaacha darasa na kushika kipaza sauti ndani ya basi. Wageni hupata mwongozaji aliyebobea. Shule imepoteza mwalimu, na hasara hiyo haimo katika bei ya safari.

Mahali ambapo fedha hugeuka kuwa kubwa ni kwa wachoraji. Marekebisho ya sheria ya Marekani ya mwaka 1988 yaliondoa vitabu, filamu na muziki kwenye vikwazo, na miaka michache baadaye, kufuatia mashauri mahakamani, michoro ikaingizwa kwenye msamaha huo. Tangu Septemba 2020 mgeni wa Kimarekani haruhusiwi kurudi nyumbani na chupa moja ya ramu ya Cuba wala sigara moja ya tumbaku ya Pinar del Río, lakini anaweza kurudi na mchoro wa maelfu ya dola akautangaza forodhani bila wasiwasi. Upande wa Cuba unadai kibali cha kuutoa mchoro nchini, ili mali ya urithi isipotee. Ni kwa sababu ya msamaha huo kituo cha karakana ya msanii hakikosekani katika ratiba. Kwa sababu kadi za benki za Marekani hazifanyi kazi huko, mnunuzi hulipa taslimu au hutafuta njia ya kulipia nje ya nchi. Mchoraji mwenye jina katika mtaa wa Vedado jijini Havana anaweza kupata kwa alasiri moja kiasi ambacho daktari wa jirani hakioni kwa miaka.

Kwa msomaji wa Kiswahili, njia ya makundi ina vituo vinavyomhusu kwa karibu. Katika kaburi lililo mjini Santa Clara yamelazwa tangu 1997 mabaki ya Che Guevara, ambaye mwaka 1965 alipita Dar es Salaam na kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda kupigana Kongo, akiitwa Tatu na wenzake. Karibu na mji wa Trinidad, katika Valle de los Ingenios, mnara wa Manaca Iznaga wenye urefu wa mita 45 hivi ulijengwa juu ya mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa kutoka Afrika. Utumwa ulifutwa Cuba mwaka 1886 tu. Mawakala wa Nairobi na Dar es Salaam hawafungwi na kanuni za Marekani hata kidogo, na sioni kwa nini soko hili waachiwe wengine.

Hali ya sasa ni ngumu. Mwaka 2018 Cuba ilipokea wageni zaidi ya milioni 4.6, mwaka 2024 walikuwa milioni 2.2, wakati Jamhuri ya Dominika ilipokea zaidi ya milioni 8 kwa ndege pekee. Oktoba 2024 mtambo wa Antonio Guiteras ulizimika na gridi ya taifa zima ikaanguka. Mwenye nyumba ya wageni sasa hununua betri na jenereta kabla ya kununua mashuka. Wapishi, wanamuziki na waongoza watalii wamo miongoni mwa mamia ya maelfu waliohama. Na kwa kuwa Marekani iliirudisha Cuba kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi Januari 2021, raia wa nchi nyingi za Ulaya aliyezuru Cuba baada ya hapo hupoteza haki ya kuingia Marekani bila viza. Wengi huona bora waende kwingine.

Ndani ya hali hiyo, mawakala wana kosa lao wenyewe. Wanauza njia ileile: Havana, Cienfuegos, Trinidad, Santa Clara, kurudi. Wanaingia katika karakana zilezile, wanasikiliza kwaya zilezile ambazo huimba kisha zikapitisha kikapu. Kwaya inayolipwa kwa kikapu haiwezi kupanga mazoezi ya mwaka. Kwaya yenye mkataba na ada ya kila onyesho inaweza, na gharama yake katika safari inayouzwa kwa maelfu ya dola haionekani. Vilevile kuna Matanzas, nyumbani kwa Los Muñequitos de Matanzas, kundi la rumba lililoanzishwa mwaka 1952. UNESCO iliiweka rumba kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2016. Mji huo uko takriban kilomita 100 kutoka Havana, na mabasi ya watalii huupita kila siku yakielekea ufuo wa Varadero. Wakala anayeongeza usiku mmoja Matanzas anawalipa wenye nyumba, wapishi na wapiga ngoma ambao kwa sasa wanaona vumbi la basi tu, na mteja wake anaisikia rumba katika mmoja wa miji ilikozaliwa.