Gharama ya Bima ya Kazini Humfikia Mfanyakazi

Tangu Oktoba 2024, kila aliyeajiriwa nchini Kenya hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kwa ajili ya Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, SHIF. Enzi za NHIF, mfuko wa bima ya afya uliotangulia SHIF, makato yalikomea shilingi 1,700 hata kwa mwenye mshahara mnono. Sasa hayana ukomo: anayelipwa 100,000 hutoa 2,750, na wa 300,000 hutoa 8,250. Wa 20,000 amepata nafuu, kutoka 750 hadi 550.

Mwajiri halazimiki kuchangia makato hayo. Hata hivyo, kampuni nyingi bado huwanunulia wafanyakazi bima ya kibinafsi, na gharama yake hupanda bila wengi kuelewa sababu.

Ada ya bima ya kikundi hupangwa upya kila mwaka. Kampuni ya bima hutazama madai ya mwaka uliopita: katika kila shilingi 100 ilizopokea, ngapi zimekwenda hospitalini? Zikifika 90, kinachobakia kugharimia uendeshaji na kamisheni ya wakala ni kidogo mno, basi ada hupanda. Madai yenyewe hukuzwa na mambo matatu. Hospitali hulipwa kwa kila huduma, hivyo kila kipimo cha ziada ni mapato. Kisukari na shinikizo la damu huhitaji dawa kwa miaka mingi. Tena dawa na mashine nyingi huagizwa ng'ambo, na dola ilikaribia shilingi 160 mwanzoni mwa 2024.

Ada ikipanda, mwajiri hupunguza kiwango cha matibabu ya wagonjwa wa nje, huwataka wafanyakazi wachangie kila wanapomwona daktari, au huahirisha nyongeza ya mshahara. Kwa njia yoyote ile, anayelipa ni mfanyakazi. Bima ya kazini ni sehemu ya ujira wake, naye ana haki ya kujua hesabu zake.

Kabla mkataba haujahuishwa, wawakilishi wa wafanyakazi waombe muhtasari wa madai usio na majina ya wagonjwa. Waulize ni maradhi gani yamekula fedha nyingi, na kama SHIF ililipa sehemu yake mgonjwa alipolazwa au bili yote iliachiwa bima ya kibinafsi. Ikiwa shinikizo la damu ndilo linaloongoza, kupima presha kazini na kuhakikisha dawa hazikatiki kutawafaa kuliko kupunguza kiwango cha matibabu. Anayepunguziwa matibabu haponi kwa hilo. Hukaa na ugonjwa nyumbani hadi alazwe, na kulazwa ndiko ghali zaidi.